Wikiendi Katoro: Ngoma za Walioachana Wakarudiana

Waambie wenzio ofisini kwamba wikiendi hii wewe na mpenzi wako mnakwenda Katoro, halafu usikilize watakavyocheka. Wenzenu wanakwenda Zanzibar kupiga picha ufukweni, nyie mnafuata vumbi la dhahabu? Waache wacheke. Kama mnapenda muziki wa dansi, na kama kuna mtu mliyewahi kuachana naye halafu mkaulizana tena hali, mji huu una la kuwaambia.

Kufika si kazi tena

Mkishuka Mwanza, pandeni basi la Geita linalopitiliza hadi Katoro. Zamani safari hii ilikuwa na kituo cha lazima, foleni ya kivuko pale Kigongo, mnakula mahindi ya kuchoma mpaka mnachoka. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa, na sasa ziwa mnalivuka kabla hamjamaliza soda. Mnapita Sengerema, mnapita Geita mjini, ambako mgodi mkubwa wa GGM unachimba tangu mwaka 2000, halafu kama kilomita 40 mbele kuelekea magharibi mnaingia Katoro.

Hapa hakuna mandhari ya kadi za posta. Kuna biashara, bwana! Maduka yamebanana barabarani: spea za pikipiki, sululu, kamba, tochi za kichwani, vitenge, mitumba, simu. Ukitembea kidogo unajikuta Buseresere, ambayo ni wilaya ya Chato, wala huoni mahali mji mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Mji umekua hadi mwaka 2025 Katoro ikapewa jimbo lake la ubunge.

Pesa inayozunguka hapa, nyingi inatoka mashambani na kwenye machimbo madogo ya jirani kama Rwamgasa na Nyarugusu. Huko wachimbaji hufanya kazi kwa ubia. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, yaani shimo lenyewe, na kuna vijana wanaoshuka chini. Mawe yakipatikana yanagawanywa kwa mifuko, kila mtu anapeleka yake kwenye karasha kusagwa. Duara likikauka, kundi linavunjika. Ikisikika dhahabu imeonekana kwingine, watu wanahama usiku huohuo. Kwa hiyo Katoro kila siku kuna anayeaga na kuna anayerudi.

Saa ya watu wazima

Jioni ndiyo mji unaamka. Kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, Bongo Fleva inagombania spika na singeli na nyimbo za Kisukuma. Lakini usiku ukikolea, kwenye baa zenye viti vya plastiki na harufu ya sato wa kukaanga, wakubwa wanachukua zamu yao. Zinapigwa Msondo na Sikinde, na mzee mwenye kofia anasimama kucheza taratibu, bia mkononi, kama vile bendi iko mbele yake.

Kwa nini watu wa machimbo wazipende bendi za Dar es Salaam kiasi hiki? Nadhani ni kwa sababu historia yake inafanana na maisha yao. Isikilizeni.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Magitaa, tarumbeta na spika vilikuwa mali ya chama, jina nalo la chama. Chama kilipobadilika, bendi ikabadilika nacho: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka tunaowajua leo kama Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Mmoja wa waimbaji wa mwanzo pale alikuwa kijana wa Kisarawe, Muhiddin Maalim Gurumo.

Mwaka 1978 Gurumo aliaga. Yeye na wengine, akiwemo mpiga gitaa Abel Balthazar, wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park Orchestra, bendi ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Hapo mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kuna nyumba mume alikuwa Msondo na mke Sikinde, na Jumamosi kila mmoja na ukumbi wake.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta Gurumo, Balthazar na wenzao. Ikazaliwa International Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule. Watu wakasema Sikinde imekwisha. Wapi! DDC walibaki na vyombo na jina, zikaletwa sauti nyingine, na Sikinde ikaendelea kujaza ukumbi. Ndekule ndiyo haikudumu.

Na Gurumo? Alirudi Msondo, kwenye bendi aliyoiacha 1978. Alikaa humo mpaka mwaka 2013 alipotangaza kustaafu, akiwa na zaidi ya miaka 50 kwenye muziki. Alifariki Aprili 2014. Si yeye peke yake aliyehamahama. Shaaban Dede naye aliimba Sikinde na Msondo, na kifo kilipomfika Julai 2017 alikuwa Msondo.

Ngoma ni za nani?

Tofauti yetu na Wazungu iko hapa. The Beatles walipoachana mwaka 1970, bendi ilikufa, kwa sababu bendi ilikuwa ni wale wanne. Kwetu mwimbaji nyota anaweza kuondoka leo na kesho jukwaa likawaka kama kawaida, maana ngoma si zake. Ni ubaya, kwa sababu wengi waliimba miaka yote na kuzeeka bila kumiliki hata gitaa moja. Lakini ni uzuri pia: nyumba inabaki imesimama, na anayetaka kurudi ana mahali pa kurudi.

Sasa zingatia alivyorudi Gurumo. Kiti chake cha zamani hakikuwa kitupu. TX Moshi William alikuwa ameshakuwa nyota wa Msondo. Mkongwe hakudai kuanzia alipoachia. Waliimba bendi moja mpaka Moshi alipofariki mwaka 2006.

Wasukuma, wenyeji wa ukanda huu, hawashangai habari hizi. Wao wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake husimuliwa kwa majina ya mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Vikundi hushindana kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mkitaka kuona kwa macho, pitieni Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo, mwezi wa Juni. Mtaelewa kwamba Mgika anamhitaji Mgalu. Asipokuwepo wa upande wa pili, atamshinda nani?

Cherehani ilibaki

Mchana, tukiwa tunasubiri mvua ipite, tulijibanza kwenye duka la mama mmoja fundi cherehani. Redioni ilikuwa Msondo. Tulimsalimia "mwangaluka" ingawa saa saba ilishapita. Akacheka, akatufundisha kwamba mchana ni "mwadila."

"Huyu anayeimba namuelewa," akasema. "Mume wangu aliniaga anakwenda machimbo wiki mbili. Karudi baada ya miaka mitatu."

Mwenzangu akamuuliza, "Ukampokea, mama?"

"Mwanangu, nilimpokea mlangoni, si chumbani." Akavuta kitambaa, akakata uzi kwa meno. "Alikuta duka lina jina langu, cherehani zimekuwa mbili, watoto wanasoma. Nikamwambia, hapa kazi ipo, ila ubosi haupo. Kama unaweza, kaa. Kama huwezi, barabara unaijua."

"Akakaa?"

"Huyo nje anayefunga mizigo ni nani?"

Tulichungulia. Mzee alikuwa anafunga maturubai kwenye baiskeli, anaimba pamoja na redio.

Mpenzi msomaji, sikushauri umpokee kila aliyekukimbia. Wengine wakirudi wanakuja kumaliza kilichobaki. Lakini kabla hujajibu ile meseji ya "nimekumiss," jiulize maswali mawili. La kwanza: alipoondoka, wewe ulibaki na ngoma zako, au naye alizibeba? Kazi yako, jina lako na akiba yako ndivyo vinavyokupa nguvu ya kusema ndiyo au hapana bila kutetemeka. La pili: anaomba kiti chake cha zamani, au yuko tayari kuimba na aliowakuta? Anayedai mambo yaanzie pale alipoyaacha hajarudi bado.

Na kama aliyeondoka ni wewe, maswali ni hayohayo, yageuze tu.

Mkienda

Gesti zipo nyingi, kagueni chumba kabla ya kulipa. Bebeni viatu vya kufunga, vyeupe acheni nyumbani. Asubuhi ulizieni michembe na chai, jioni sato. Machimboni msiingie kiholela. Ombeni ruhusa kwa wenye eneo, msisogelee maduara, na kaeni mbali na wanaochoma zebaki, maana moshi wake ni sumu.

Usiku mkisikia tarumbeta, nyanyukeni mcheze. Kama mmoja wenu ni Msondo na mwingine Sikinde, hiyo ni raha zaidi, mna la kubishania hadi Mwanza.