Dogo wa Mbegani na dramu zake, jirani alale saa ngapi?

Wadau, kuna dogo Mbegani kanogewa na ngoma za TaSUBa pale Bagamoyo, kafunga seti ya dramu chumba cha uani kwa mama yake. Chini zulia, bila hivyo dramu la mguu linatembea kila akilikanyaga. Dirishani godoro (kalitoa wapi, msiulize). Shida jirani: mvuvi wa dagaa, usiku yuko baharini na taa, mchana ndo analala. Godoro linapunguza makelele ya matoazi, ila besi inapita ukutani mpaka kitandani kwa mzee wa watu. Na mvuvi mwenye usingizi baharini ni hatari. Wakaelewana: mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mzee analala usiku kwake, basi mchana dogo apige mpaka achoke. Siku zingine anapigia mto, na mama mtu ndo anazipenda hizo.