Kijumba cha Miguu Minne

Mwaka 2023, nikikaa Des Moines huko Marekani, nilinunua kwa mtu wa Denver kijumba kinachopakiwa juu ya pikapu, jamaa yangu wapate malazi safarini. Pikapu yangu ilikuwa mbovu. Nikapatana na mwenye lori akilete, mwendo wa kilomita zaidi ya 1.000.

Trela lake lilikuwa na upana wa mita 2,59. Kumbe kijumba husimama juu ya miguu minne, na gari huingia kinyumenyume katikati yake! Trela halikupita. Dereva akaenda zake na arabuni yangu.

Mke wangu akauliza: “Baba watoto, ulipima nini?”

Kimo na uzito. Nafasi ya miguu sikuipima.

Mara ya pili nilitafuta kwanza mashine ya kuinulia mizigo.