Mama, usizime hiyo redio

Mahali nilisoma vizuri zaidi maishani ni kiti cha nyuma cha mat ya Kitengela. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, spika iko chini ya kiti, besi inatikisa mpaka meno, konda anagonga mlango, na mimi nimefungua noti za takwimu kwa mapaja. Kutoka Kitengela hadi tao ni kama kilomita 30, lakini si unajua vile Mlolongo hukataa kusonga. Kuna siku nilimaliza sura nzima kabla tutoke hapo.

Halafu nafika chuo, naingia maktaba, kimya kama makaburini, na kila kitu kinapotea. Nasoma mstari mmoja mara sita. Nasikia feni. Nasikia kalamu ya jamaa wa meza ya tatu. Nasikia tumbo langu mwenyewe. Dakika 20 niko kwa simu, saa moja baadaye niko nje nakula smokie pasua na kujilaumu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitadanganya ati ni maktaba ilinifukuza, karo pia ilikuwa na lake la kusema. Lakini niliondoka nikiamini mimi ni mvivu, kwa sababu hivyo ndivyo nilikuwa nimeambiwa tangu darasa la tatu.

Nikiwa na miaka 21 daktari mmoja akaniuliza maswali kwa karibu saa mbili kisha akasema ADHD. Yaani umakini wangu upo, ila hauji ninapouita. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwa ngazi. Akasema, "Hiyo ni ya wazungu. Wewe ulizaliwa na miguu myepesi tu." Nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikapanda mat.

Sasa ile siri ya mat nilikuja kuielewa baadaye. Mwaka wa 2007 watafiti wa Uswidi, Göran Söderlund na wenzake, waliwapa watoto mitihani ya kukumbuka, mara kukiwa kimya, mara kukiwa na kelele nyeupe, ile "shhhh" ya redio ambayo haijashika stesheni. Watoto wenye ADHD walikumbuka vizuri zaidi kukiwa na kelele. Wale wasio nayo walishuka. Nadharia yao ni kwamba dopamini, ile kemikali inayoupa ubongo hamu ya kuendelea, kwetu iko chini, kwa hivyo ubongo hauamki vya kutosha, na kelele ya nje inausaidia kuamka. Bila hiyo kelele, akili yangu huanza kutafuta kitu kingine cha kushika. Hiyo ndiyo ilikuwa inasikiza kalamu ya jamaa wa meza ya tatu.

Lakini msikimbie kununua hedifoni za elfu kumi. Mwaka wa 2024 Joel Nigg na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti 13 za aina hiyo pamoja. Faida ipo, ila ni ndogo. Na kwa watu wasio na ADHD, hasara ipo, ndogo pia. Ile kelele nzito ya maporomoko ambayo TikTok inaita ya kahawia? Hawakupata utafiti hata mmoja wa kuweka hesabuni. Mimi huisikiza hata hivyo, inanisaidia kulala.

Muziki wenyewe ni hadithi nyingine. Kuna utafiti wa 1996 ambapo wavulana walifanya hesabu wakisikiza nyimbo wanazozipenda, au mtu akiongea, au kimya. Wenye ADHD walifanya vizuri zaidi kwa muziki, hasa wale walioanza na muziki. Yaani upya wa kitu ni sehemu ya dawa, na upya huisha. Ndiyo maana pleilisti yangu ya kuhariri video hufa baada ya wiki mbili.

Na maneno ni shida. Nikiweka gengetone nikiandika skripti, baada ya mistari mitatu nimeandika alichosema msanii. Kichwa hakiwezi kushika maneno mawili kwa mlango mmoja. Suluhisho langu lilitoka mahali sikutarajia: rhumba. Sijui Kilingala, kwa hivyo sauti ya Madilu kwangu ni gitaa lingine tu. Na nyimbo zenyewe ni ndefu. Mario ya Franco inapita dakika kumi, hakuna nafasi ya kushika simu kubadilisha wimbo, na sote tunajua ukishika simu umeenda.

Haya yote ningeyaweka kwa video ya sekunde 60 nikasahau, kama si ndugu yangu mdogo. Yuko Form Three, shule ya kutwa huko Kajiado mjini, na ripoti zake ni zangu kabisa, hata maneno ya mwalimu: "Ana uwezo lakini hajatulia." Yeye hufanya hesabu jikoni redio ikiwa juu. Mama huizima. Mwisho akaificha ndani ya kabati la sufuria.

Nilipanda gari Jumamosi, nikapita Isinya na upepo wake, nikafika nikamwambia mama tufanye jaribio. Maswali kumi na redio, maswali kumi bila. Na redio alimaliza tisa. Bila, alimaliza manne, na kwa ukingo wa karatasi alikuwa amechora nganya nzima, hadi taa. Mama akasema ni bahati. Nikamwambia na yeye achukue daftari lake la duka ajumlishe madeni redio ikiwa juu. Dakika tano hazikuisha, alikuwa ameitupa kalamu. "Mtu anafikiria aje hapa?"

Na huyu ndiye mtu ambaye hakosi Roga Roga ya Radio Citizen!

Nikamwonyesha ile ya Uswidi. Kelele ile ile inayomvuruga yeye inaweza kuwa inamshikilia mtoto wake. Sikumwambia kijana ana ADHD, hiyo ni kazi ya daktari, na tunapanga kumpeleka likizo ya Agosti. Jaribio la jikoni si kipimo. Tena Jumapili tulijaribu ufahamu wa Kiswahili kukiwa na watangazaji wanabishana siasa, na alifeli vibaya, bora kimya.

Kwa hivyo mkataba ni huu: hesabu, rhumba, sauti ya chini. Kusoma, redio inazimwa, na anaweza kutembea akisoma. Mama anaenda kukaa nje na daftari lake.

Jioni nilimkuta huko, mbuzi za jirani zikirudi. Hakuniangalia. Akauliza, "Na wewe ungekuwa na redio, ungemaliza chuo?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia karo pia haikuwepo. Akarudi kujumlisha madeni, halafu baada ya muda akaniambia niingie ndani nimwambie kijana aongeze sauti kidogo, betri inaisha na wimbo hausikiki vizuri.