Punguza Hiyo Faili, Bando Si Yako

Uzito wa animesheni haupotei. Usipoubeba wewe kwa kompyuta yako, ataubeba mtu mwingine kwa simu yake, na atalipia. Nasema hivi ju vijana wengi wa mtaa tumeingia kwa hii kazi ya animesheni za tovuti, zile za kubonyeza kitu kinasonga, unavuta kingine kinafunguka. Ni kazi poa. Lakini wengi tunatengeneza kama kila mtu anaangalia akiwa kwa waifai ya ofisi.

Hebu tupige hesabu. Faili ikiwa megabaiti 5 na watu 1,000 waifungue, wamemaliza gigabaiti 5 kwa pamoja. Wewe ulijiokolea saa moja ya kazi, wao wakailipia hiyo saa na bando. Na hapa Kariobangi msee ananunua bando ya mbao, anaitumia kwa hesabu kali kama mafuta ya kupima ya dukani. Akiona kile kiduara kinazunguka tu bila kufungua, hangoji. Anatoka, na kazi yako yote imekuwa bure.

Kuna kazi moja nililetewa nirekebishe. Ilikuwa ramani ya biashara za mtaa: unabonyeza kibanda, kinafunguka, unaona wanauza nini. Ilitengenezwa na agensi fulani ya tao, na wenyewe hawakuelewa mbona kwa simu za vijana wao inaganda. Kuangalia ndani nikapata picha 12, kila moja pikseli 3,000 kwa 2,000, na kwa skrini zinaonekana ndogo kama stempu.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaangalia ukubwa wa faili kwa folda, wanaona kilobaiti mia tatu, wanasema iko sawa. Lakini picha ikifunguliwa, kila pikseli inachukua baiti 4 kwa RAM, hata ungeibana vipi. Zidisha: 3,000 mara 2,000 mara 4 ni megabaiti 24 kwa picha moja. Picha 12 ni megabaiti 288. Simu ya RAM ya gigabaiti 1, na WhatsApp iko wazi, itatoa wapi hiyo nafasi? Nilizipunguza hadi 300 kwa 200, zote 12 pamoja zikawa chini ya megabaiti 3. Kwa ramani hakuna aliyeona tofauti. Kwa hivyo sheria ya kwanza: kata picha kulingana na vile itaonekana. Kama unaogopa skrini kali, weka mara mbili ya hapo, basi. Fundi wa Light Industries hapa kwetu hupima bati kabla ya kukata. Na sisi tupime.

Ya pili ni sauti. Sekunde 10 za WAV ya stereo, ile ya kawaida ya kiwango cha CD, ni karibu megabaiti 1.76. Sekunde hizo hizo kwa MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde, ni kilobaiti 80. Kwa spika ya simu, ndani ya mathree, nani atajua? Na usiipakie mwanzo. Ngoja mtu abonyeze kitu kwanza. Brauza nyingi zinazuia sauti inayojianzisha hata hivyo.

Ya tatu, michoro ya vekta. Ukichora na brashi, programu inaacha vidoti vingi sana kwenye mstari, na kila kidoti lazima simu ikipigie hesabu. Adobe Animate ina kitu inaitwa Optimize ndani ya menyu ya Modify, upande wa Shape. Itumie, uone mstari umebaki vile vile na vidoti vimepungua. Kitu kinachojirudia, kama gurudumu au jicho, kigeuze kiwe simboli moja uitumie mara nyingi. Usikikopi na kukibandika upya kila mahali.

Ya nne, wale wa After Effects. Lottie ni kitu safi sana. Ilitolewa na Airbnb mwaka wa 2017, na jina limetokana na Lotte Reiniger, yule mama Mjerumani aliyekata vivuli vya karatasi akatengeneza filamu nzima iliyotoka mwaka wa 1926. Uzuri wa Lottie ni kwamba inabeba maagizo ya kuchora, haibebi video. Sasa ukishindilia picha za PNG ndani ya hiyo JSON, umeua maana yake, ju picha ikigeuzwa kuwa maandishi inaongezeka karibu theluthi moja. Chora kwa vekta, ama acha picha nje.

Ya tano, mwendo. Skrini nyingi huchora fremu 60 kwa sekunde, kumaanisha simu ina milisekunde 16 na kitu kumaliza kila fremu. Mhusika wa katuni anatembea vizuri tu na fremu 24, na hapo umeipa simu milisekunde 41. Kwa CSS, sogeza vitu na transform na opacity. Ukisogeza kwa kubadilisha width ama top, brauza inapanga ukurasa upya kila mara. Na kama unaandika JavaScript, tumia requestAnimationFrame badala ya setInterval. Mtu akihamia ukurasa mwingine, brauza inaipumzisha na betri yake inapona.

Upande wa mpangilio wa kazi, mambo ni machache lakini yanaokoa. Ipe kila leya jina. "Layer 47" haitakusaidia saa sita usiku. Hifadhi toleo jipya kila siku na tarehe, ju stima hapa haina ratiba. Majina ya faili yawe herufi ndogo bila nafasi: kwa kompyuta yako Picha.PNG na picha.png zinaweza kuwa kitu kimoja, lakini seva nyingi ni Linux na kwake hizo ni faili mbili tofauti. Halafu pima. Kwa Chrome bonyeza F12, ingia Network, chagua mwendo wa 3G uone uchungu wenyewe. Baada ya hapo omba simu ya bei ya chini kabisa kwa ploti yenu ujaribu nayo.

Najua kuna mtu atasema simu zinaboreka na intaneti inakuja juu, tungoje tu. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, mtandao ukafunguka. Kurasa zilibaki nyepesi? Zilinenepa. Enzi za Flash, watu walifinyilia mchezo mzima ndani ya kilobaiti mia chache ju modemu zilikuwa polepole. Flash yenyewe Adobe iliacha kuitunza mwisho wa 2020, na ile nidhamu wengi wetu tukaizika nayo. Njia ikipanuliwa tunaongeza mzigo, na anayebaki nyuma ni yule yule wa bando ya mbao.

Huyo wa mbao ni ndugu yako mdogo, ni jirani, ni yule binti wa salon anayetaka kujua kama kibanda chake kiko kwa ramani. Ukitengeneza kitu kinachohusu Kariobangi na Kariobangi haiwezi kukifungua, umetengenezea nani?

Leo jioni chukua faili moja tu uliyomaliza juzi. Angalia picha kubwa kuliko zote, angalia sauti ndefu kuliko zote. Anza na hizo mbili.