Na Uji Nao Una Damu?

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja huko Mbeya, wodi ya wanawake. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Mbeya haina adabu, hata dirisha ulifunge. Kitanda namba nane alilala dada mmoja, fundi cherehani kutoka Tukuyu. Faili lake halikutaja ugonjwa, ila sote tuliujua. Dawa za kufubaza virusi hatukuwa nazo. Serikali ilikuja kuanza kuzitoa bure mwaka 2004. Sisi tulikuwa na dripu, vidonge vya kuzuia kuharisha, na uji.

Glovu zilikuwa haba. Zilizotumika tulizifua, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi (kwa mbali ungedhani viwele vya mbuzi), kisha tukazipaka poda zikarudi kazini. Pamoja na uhaba huo, mimi nilivaa jozi mbili kumlisha yule dada uji. Na kwenye mtihani nilikuwa nimeandika vizuri tu kwamba virusi haviambukizi kwa kugusana ngozi. Maksi nilipewa zote.

Siku ya tatu akaniuliza, taratibu, bila kununa: "Mdogo wangu, na uji nao una damu?"

Nikajifanya sikusikia.

Walimu wangu walikuwa wazuri, lakini aliyenivua zile glovu ni mhudumu wa usafi wa zamu ya usiku, mama wa makamo. Akishapiga deki, alikaa ukingoni mwa kitanda namba nane, akaipakata miguu ya yule dada na kuisugua mafuta, huku wakibishana bei ya vitenge. Glovu zake zilikaa mfukoni. Alizivaa wakati wa kubadilisha shuka zilizochafuka, akazivua.

Usiku mmoja alinikuta nimesimama pale kama mlingoti. "Miguu yake ina baridi, mwanangu. Shika huo mwingine."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi kama kuni kavu, lakini unyayo ulikuwa bado mgumu, wa miaka ya kukanyaga cherehani.

Tangu hapo nilimlisha kwa mikono mitupu, wiki mbili hivi. Kumwomba radhi, sikumwomba.

Alipofariki, mama yake alikuja kuchukua vitenge na chupa ya chai.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba." Akaitazama mikono yangu. "Ndiye wewe wa mipira?"

"Ndiye mimi, mama."