Usichague Kinga kwa Macho

Mwezi huu sitakuandikia juu ya ndoa wala juu ya masomo ya batoto. Nitakuandikia juu ya kinga. Usicheke. Kinga njo ilinifundisha neno moja gumu, na ninataka wewe kijana mwenye kuweka franga kidogo kidogo ndani ya sanduku usipite ku njia ile nilipita mimi.

Mimi ni muchungaji hapa Likasi. Ninaangalia makanisa tatu madogo upande wa Kambove, na lile la mbali liko kilometa 31 kutoka nyumba yangu. Miaka mingi nilikuwa nikienda na kinga nyeusi ya baba yangu, ile ya chuma, yenye magurudumu makubwa ya 28 na bila vitesi. Baba aliinunua wakati alikuwa angali anatumika ku mine. Ilikuwa nzito, na kwenye muchanga nilishuka nikaisukuma. Siku moja bamama wa kanisa waliniona ninafika na viatu mukononi. Hawakusema kitu. Kwa miezi nane walitenga franga za sombe na za makala, halafu wakaniletea dola 110 zenye kufungwa ndani ya kitambaa. Mujane mumoja muzee njo alishika kile kitambaa. Akasema: «Pasta, utafute kinga ya nguvu, utufikie mbio.»

Nikaenda Lubumbashi. Kwa muuzaji mumoja nikaona kinga ya mulima, ile vijana wanaita VTT. Ilikuwa nyekundu, na resori mbele, na resori nyuma, na vitesi 21: meno tatu ya mbele mara saba ya nyuma. Moyo wangu ukaruka kama wa mutoto. Muuzaji akasema: «Pasta, hii inatoka Ulaya, haichokake.» Sikuuliza swali hata moja. Nikalipa.

Miezi tatu ya kwanza nilijisifu. Katika mwezi wa nne habari ikafika: yule mujane ni mugonjwa sana, anamuita Pasta, iko neno anataka kusema. Nikafunga unga na dawa nyuma ya kinga. Lakini kinga yenye resori ya nyuma haishike portibagaji vizuri, kwa sababu upande wa nyuma unapanda na kushuka. Nikafunga muti kwa kamba. Ku kilometa 19 ule muti ukalegea, ukaingia ndani ya derayere, kile chuma kidogo chenye kuhamisha munyororo. Derayere ikajikunja ndani ya gurudumu, ikavunja rayo nne, munyororo ukakatika.

Pale kijijini kulikuwa mufundi, na alikuwa na munyororo mupya. Akaupima, akatikisa kichwa: «Pasta, huu ni wa kinga nyeusi, ni munene. Meno yako ya vitesi yanakaribiana sana, hauingie katikati yake. Wa kwako hapa hauko.»

Nikaisukuma kilometa 12. Nilifika usiku. Mama alikuwa angali anapumua, lakini hakusema tena. Alinishika mukono tu. Asubuhi Bwana akamuita. Mpaka leo sijui lile neno alitaka kuniambia.

Musomaji wangu, sisemi kama kinga njo ilimuua mama. Ninasema kama nilichukua franga za wajane na kununua kitu kwa macho.

Nyuma ya maziko mupira wa nyuma ukapasuka. Nikanunua mwingine wenye kuandikwa 26, kama ule wa kwanza. Haukuingia. Hapo njo nikakaa chini karibu na muzee mumoja mwenye kutengeneza kinga sokoni Likasi, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza maswali.

Akanionyesha namba ndogo ku ubavu wa mupira, kwa mufano 50-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipimo cha janti kwa milimeta. Hii ya pili njo haidanganye. Gurudumu la 26 la VTT ni 559, lakini 26 ya kinga za zamani, ile ya 26 x 1 3/8, ni 590. Wote wawili wanaitwa 26, na hawaoane. Kinga nyeusi ya 28 ni 635, lakini 28 ya kinga nyepesi ni 622. Zile VTT za siku hizi za 27.5 ni 584. Na 29, yenye vijana wanatamani sana, ni 622 vilevile. Ni mupira munene juu ya janti ya kipimo kile cha kinga nyepesi. Basi, uandike namba ya pili ku karatasi kabla ya kwenda sokoni.

Wengine wataniuliza: lakini 26 ilitoka wapi? Katika miaka ya 1970, kule Marin County karibu na San Francisco, Marekani, vijana walikuwa wakitelemuka mulima na kinga nzito za zamani zenye mipira minene ya 26. Wakati watu kama Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey walianza kutengeneza kinga za mulima zenyewe, walibakia na 26 kwa sababu mipira minene ya kipimo kile njo ilipatikana. 29 ilienea nyuma ya mwaka 2000, na 27.5 nyuma ya 2012. Unaona? Hata wale wa kwanza walianza na kitu chenye kupatikana kwao.

Gurudumu kubwa linapita juu ya mashimo kwa urahisi, ni kweli. Lakini gurudumu dogo lenye rayo hesabu moja ni la nguvu zaidi chini ya muzigo. Mupira munene unakusaidia kwenye muchanga kuliko vitesi vingi. Kadri ya chuma inaungwa na kila sudeli. Ya aluminiumu inaomba mufundi mwenye mashini yake. Freni za kamba utazirekebisha mwenyewe njiani. Za mafuta, hapana. Na resori ya nyuma ya bei ndogo ni uzito tu: inakula nguvu ya miguu yako, na ikilegea hauna dawa.

Ile nyekundu niliiuza dola 60. Nikaongeza zangu, nikanunua VTT ya chuma ya 26, bila resori, yenye rayo 36 kila gurudumu na portibagaji ya kufungwa na buloni. Kisha nikasimama mbele ya bamama, nikawaambia kweli yote. Nilingoja hasira. Mama mumoja, mwenye kuleta makala Likasi kila wiki na kinga, akainuka: «Pasta, kwa nini hukutuuliza sisi? Njo sisi tunapitaka mu ile njia.»

Sikukuwa na jibu. Nilihubiri mara ngapi juu ya Luka 14:28, yule mutu wa munara mwenye kukaa kwanza na kuhesabu gharama! Na gharama yenyewe si bei ya muuzaji tu. Ni munyororo utakatika wapi, na nani ataukuwa nao pale.

Kwa hiyo wewe kijana, kabla ya kutoa franga zako, uende kwa wale wanapita mu njia yako na muzigo wako. Uangalie kinga zao. Uulize nini inavunjika, na vipande vinapatikana wapi. Kisha ununue.

Na kama unanikuta ku njia ya Kambove, unisimamishe bila haya. Nitashuka, nikuonyeshe ile namba ku mupira.