Faiba inapita Samuye lakini haishushi

Najua nimepotea wiki tatu nzima, msinitukane, majaribio ya katikati ya semista yamenikaba koo. Leo sina umbea wa hosteli wala habari za bumu kuchelewa. Nataka niwape sakata la intaneti nyumbani kwetu Samuye, maana kila nikimwambia mtu hapa chuo kwamba mama anahangaika kuvuta faiba, anacheka kwanza. Samuye na faiba wapi na wapi?

Kwa msioijua, Samuye ni kata ya Shinyanga Vijijini. Ukitoka Tinde kwenda Shinyanga mjini unaikuta hapo hapo kwenye lami, ukisinzia kidogo ndani ya basi umeshaipita. Watu wanalima pamba na mpunga, wanafuga ng'ombe. Na mama yangu ana steshenari. Fremu moja, kompyuta mbili, printa, skana, mashine ya fotokopi, na feni ambayo kazi yake ni kupiga kelele. Hiyo fremu ndiyo inanilisha mimi hapa chuo bumu likikata, kwa hiyo msishangae nikiisemea sana.

Sasa mnakumbuka wenyewe shughuli ya kuomba mkopo Bodi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kwa mtandao. Ujaze fomu kwa mtandao, uichape, ukasainiwe na serikali ya kijiji, ukatafute hakimu au wakili, urudi uiskani, uipandishe tena. Kila hatua inaanzia na kuishia mtandaoni. Pale kwetu vijana wote wanaishia kwa mama, na mama anategemea simu yake aliyoigeuza modemu. Asubuhi inakwenda vizuri tu. Ikifika saa kumi jioni kila mtu yuko kwenye simu, mnara unazidiwa, ukurasa unazunguka kama pia. Faili dogo la skana linafika asilimia tisini linakatika, unaanza upya, na bando limeshaliwa. Mwaka jana dirisha lilipokaribia kufungwa vijana walilala dukani kwenye mkeka, kwa sababu saa nane usiku ndiyo mtandao unafunguka. Wengine walitoka vijijini ndani kabisa kwa baiskeli. Mmoja hakuwahi. Yuko nyumbani mpaka leo, anachunga.

Mwaka huu zamu ni ya mdogo wangu wa kike, anamaliza kidato cha sita Mei.

Hapa chuo tuliwahi kuonjeshwa hali hiyo, tena siku chache tu. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Nchi nzima ikakwama, watu hapa wakatembea kama wamefiwa, lecha mmoja akaahirisha kazi ya kukusanya. Mimi nikampigia mama kumpa pole. Akaniuliza, "Pole ya nini tena? Kwetu mbona ni kawaida."

Kinachouma ni kwamba faiba yenyewe hatuiombi kutoka mbali. Pembeni mwa barabara, hatua chache kutoka dukani, kuna vile vigingi vifupi vya kuonya watu wasichimbe. Mimi tangu mdogo nilikuwa nakalia kimoja nikisubiri basi. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa mwaka 2009, mwaka ule ule Seacom ilipofika Dar, EASSy ikafuata 2010, na njia ya kwenda Mwanza inapitia Singida na Shinyanga. Kampuni za simu nazo zina nyaya zao. Nani ni mwenye huu wa mbele ya duka sijui, na mama hajali. Yeye anachoona ni waya.

Basi bwana, mama akapiga simu kwenye kampuni moja inayounganisha faiba majumbani. Jina naliacha, sitaki kesi. Mwezi wa kwanza wakamuuliza yuko mtaa gani. Akasema hakuna mtaa, ni kijiji, njoo uliza steshenari. Mwezi wa pili wakamwambia ramani yao haionyeshi huduma eneo hilo, angoje. Akangoja. Mwezi wa tatu akapanda gari mwenyewe mpaka ofisini mjini, akakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, na wanaomjua mama wanajua hasimami mpaka apate anachotaka. Fundi akatumwa.

Huyo fundi kijana mstaarabu sana, alimwamkia, akanywa uji, akaeleza. Mimi nilikuwa hewani kwenye simu, nimewekwa spika. Alisema waya unaosafiri masafa marefu haukatwi njiani kama bomba la maji unavyolitoboa ukaweka koki. Ndani yake kuna nyuzi za kioo, kila uzi unene wake ni maikromita 125, kama unywele tu, na taarifa zinakwenda kwa mwanga. Mwanga ndani ya kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kutoka Shinyanga mpaka Dar ni milisekunde tano hivi. Ndiyo maana kampuni inataka kwanza iwe na kituo chenye mitambo. Kutoka kituoni ndipo unavutwa waya mwingine juu ya nguzo mpaka kwenye boksi la kugawa mwanga, na boksi moja linaweza kuhudumia nyumba 32. Kituo cha karibu kiko mjini.

Mzee mmoja mteja alikuwepo dukani, alikuja kupiga kopi kadi ya bima. Akauliza, "Sasa huo mwanga ukifika kwenye kona haugongi ukuta?" Fundi akacheka, lakini mimi naona ni swali zuri kuliko mengi ya darasani kwetu. Jibu ni kwamba haugongi ukatoka, unadunda ndani kwa ndani, mradi waya usikunjwe sana. Ukiukunja kama kamba ya ng'ombe, mwanga unavuja na intaneti inakufa. (Hii nimeifanyia mtihani, nilipata B.)

Shida ikaja kwenye hesabu. Kampuni inasema italeta waya na boksi kama wakipatikana wateja 25 watakaosaini kulipa kila mwezi. Nyumba 25! Mama akamwuliza fundi, "Mwanangu, hapa dukani jana wameingia watu wangapi?" Fundi hajui. Mama akafungua daftari: arobaini na moja. "Hao mmewahesabu kama wangapi?" Mmoja, duka moja.

Mimi hapo ndipo ninapogombana na hesabu yao, na nagombana kama mtu anayesoma haya mambo. Mjini kila nyumba inataka ruta yake, sawa. Kijijini mtu hahitaji ruta nyumbani, hana kompyuta, na pesa ya kila mwezi haipo kwa sababu pamba hailipi kila mwezi. Anahitaji sehemu moja inayofanya kazi siku akiihitaji. Ukihesabu nyumba, Samuye ni pori. Ukihesabu watu wanaopanga foleni kwa mama mwezi wa mkopo, ni mji. Siwalaumu kutaka faida, nguzo zinagharimu. Lakini wangeweza kuuliza waya mmoja utabeba kazi kiasi gani, badala ya kuuliza mapaa mangapi.

Kaka yangu aliyeko Katoro, anayeuza vipuri vya karasha, anasema tuachane na nguzo, tutafute njia ya setilaiti. Mama hataki kusikia. Anasema waya umepita mlangoni kwake, hawezi kwenda kuutafuta mbinguni.

Kwa hiyo sasa anazunguka na karatasi. Zahanati wamesaini. Gesti mbili zimesaini. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga amesaini baada ya kuhakikishiwa ataona mpira. Walimu watatu wamechangiana laini moja, mama kawahesabu watatu, fundi kawahesabu mmoja, wamebishana kwenye simu. Nikipiga asubuhi namwambia "Mwangaluka mayu", yeye hata haitikii vizuri, anaanza na idadi.

Jana usiku walikuwa kumi na saba. Leo asubuhi ameniandikia ujumbe kwamba padri naye amesaini. Wamebaki saba, na dirisha la mkopo linakaribia.

Haya, nawahi chakula, mama ntilie anafunga saa mbili.